Mama Amechoka Tu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja asiyoipenda wala kuichukia. Alikuwa akivua sare, anabandika sufuria, anachemsha chai ya rangi mpaka inakuwa nyeusi tii, kisha anaijaza kwenye chupa ya bluu yenye kifuniko kilichopasuka na kuipeleka mtaa wa pili. Huko kulikuwa na kiwanda kidogo kilichofua mashuka ya nyumba za wageni, na humo mama yake alipiga pasi.

Chiriku halikuwa jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa mama alilitumia siku za hasira tu.

Chumba cha pasi kilikuwa na meza nne ndefu, dirisha moja lililogoma kufunguka, na joto la kumsahaulisha mtu alichotaka kusema. Mashuka yaliletwa na unyevu wake, yakanyunyiziwa maji ya wanga, yakanyooshwa, yakakunjwa mara nne, pembe juu ya pembe. Wanawake wa chumba kile walikuwa na desturi yao: hakuna aliyeondoka mezani kwenda kula. Walikula wima, kwa mkono mmoja, na chupa ya chai ikapita meza kwa meza. Waliiita petroli. Chai ya Chiriku ndiyo iliyosifiwa kuliko zote, maana ilikuwa kali.

"Leo umetia vijiko vingapi vya majani?" mama aliuliza, akiegemea meza.

"Vinne."

"Kesho tia vitano. Nimechoka, mwanangu."

Neno hilo Chiriku alilisikia kila siku, na halikumshtua. Nani hakuchoka mle ndani? Mkunjaji wa mashuka alichoka, msimamizi alichoka, hata mlango ulilalamika kila ulipofunguliwa.

Jumatatu moja, mwalimu wa Kiingereza aliingia darasani na madaftari sabini na mawili kifuani. Aliyaweka mezani, akashusha pumzi, akaandika ubaoni maneno mawili: "tired" na "weak".

"Haya mawili mmeyachanganya nyote," alisema. "Mmeniandikia 'tired' panapotakiwa 'weak', na 'weak' panapotakiwa 'tired'. Nimesahihisha mpaka kalamu imekauka."

"Sasa wewe mwalimu ni yupi, 'tired' au 'weak'?" mvulana wa nyuma aliuliza, na darasa likacheka.

Mwalimu naye alitabasamu kidogo. "Umeuliza vizuri. Aliyechoka ametumia nguvu zake, na akipumzika zinarudi. Aliye dhaifu hana nguvu za kutumia, na akipumzika bado hana. Ila usoni wanaweza kufanana. Kwa hiyo sitaki mninakilie kamusi. Kila mmoja achague mtu wa nyumbani kwao, amwangalie siku tatu. Gawa ukurasa safu mbili, moja ya 'tired', moja ya 'weak'. Andika ulichokiona, si ulichodhani. Anzeni kwa Kiswahili, Kiingereza tutakiweka baadaye."

Jioni ile Chiriku aliimaliza kazi yote wakati maji yakichemka. Alimchagua mama, kwa kuwa jibu lake alilijua tayari. Safu ya "tired" akaijaza: Jumatatu mama amechoka kwa kazi, Jumanne mama amechoka kwa joto, Jumatano mama amechoka kwa kusimama. Kesho yake akawa wa kwanza kupeleka daftari, kichwa juu.

Mwalimu alisoma, akamtazama juu ya miwani. "Leo ni Jumanne. Hii Jumatano umeiona wapi?"

Chiriku alishusha kichwa, akaanza kuufuta mstari wa Jumatano kwa kidole.

"Mama yako akiamka asubuhi, yukoje?" mwalimu aliuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Sijui, mwalimu."

"Basi kaangalie, na uanze ukurasa mpya. Na ukiona usichokipenda, kiandike vilevile."

Alirudi kwenye dawati amejaa aibu. Aibu hiyo ndiyo iliyomwamsha alfajiri iliyofuata.

Mama alikuwa amelala tangu saa mbili usiku. Alipoamka aliketi ukingoni mwa kitanda, mkono ukutani, kama anayengoja chumba kitulie. Alienda bombani, akarudi na nusu ndoo, akasimama mara tatu kwenye ngazi zisizofika kumi. Chiriku aliandika. Jioni mama alikula matonge matatu, akasukuma sahani, akanywa vikombe viwili vya petroli. Chiriku aliandika. Siku ya mapumziko mama alilala mchana kutwa, na jioni akaamka vilevile alivyolala. Akiwa amekaa tu, mshipa wa shingo ulimpiga kana kwamba ametoka mbio. Chiriku alipouweka mkono wake kando ya mkono wa mama, kiganja cha mama kilikuwa cheupe, hakina dalili ya damu.

Safu ya "weak" ilijaa mpaka chini. Safu ya "tired" ilibaki tupu. Chiriku aliitazama ile nafasi nyeupe, akaogopa.

"Mama, twende zahanati," alisema.

Mama alilichukua daftari, akasoma, uso ukabadilika. "Unaniandika mimi nikasomwe shuleni?"

"Hapana, mama. Lakini hebu ona, umelala siku nzima na bado..."

"Nikaseme nini huko? Kwamba nimechoka? Watanicheka. Na nikikosa kazini siku mbili, meza yangu anapewa mwingine. Wanaongoja nafasi ile ni wengi." Alimrudishia daftari. "Nimechoka tu, Chiriku. Nipe chai."

Chiriku alimpa chai. Hakujua afanye nini kingine.

Siku ya pili yake alipofika kiwandani na chupa, harufu ya kuungua ilimpokea mlangoni. Mama alikuwa ameinama juu ya meza, macho yamefumba, mkono umeshika pasi isiyosogea. Mkunjaji aliruka akaichomoa mkononi mwake. Kwenye shuka jeupe palibaki alama ya kahawia, umbo la pasi kamili, na kati ya ncha yake na mkono wa kushoto wa mama hapakufika vidole viwili.

Msimamizi aliingia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na funguo zake kiunoni zilisikika kabla yake. "Nini tena?"

"Nisamehe, dada," mama alisema, akijikaza kusimama wima. "Nimechoka tu. Nipe dakika moja niendelee."

Chiriku aliiweka chupa chini, akalichomoa daftari alilolibeba kwapani. Akisema, huenda mama akapoteza kazi. Akinyamaza, mama atairudia ile pasi ya moto. Mama alimkazia macho, na macho yale yalimwomba anyamaze.

"Si kweli, shangazi," Chiriku alimwambia msimamizi. "Hajachoka. Angekuwa amechoka, angepumzika akapona." Akafungua daftari, akasoma yote, ngazi, sahani, shingo, kiganja. Alifika mwisho wa ukurasa.

Msimamizi aliushika mkono wa mama, akaugeuza, akautazama. Kisha akawageukia wengine. "Nyie mlikuwa mnayaona haya yote?"

"Tulidhani uchovu," mkunjaji alisema. "Sote tumechoka, nani angejua?"

Msimamizi alivua funguo zake, akaziweka kando, akachukua pasi. "Nenda zahanati sasa hivi. Meza yako nitaisimamia mwenyewe mpaka urudi, na hapewi mtu. Wewe mtoto, nenda naye, na hilo daftari usilisahau."

Zahanati walingoja kwa muda mrefu kwenye benchi la mbao. Tabibu alimfunua mama ukope wa chini, akamchoma kidole, akachukua tone la damu kulipima.

"Hali hii imeanza lini?" aliuliza.

"Juzijuzi tu," mama alijibu. Akaliona daftari mapajani mwa mwanawe, akashusha pumzi. "Kama miezi minne."

Majibu yalipotoka, tabibu alivuta kiti karibu. "Damu yako imepungua sana, mama. Ndiyo maana usingizi haukusaidii. Unakula nini?"

"Kidogo. Hamu sina. Chai ndiyo inayonisimamisha."

"Chai unainywa pamoja na chakula?"

"Papo hapo. Ya rangi, kali."

"Vijiko vingapi vya majani?"

"Vitano," Chiriku alijibu, na machozi yakamtoka. "Mimi ndiye ninayeipika."

Tabibu alingoja kwanza anyamaze. "Sikiliza, binti. Chai kali ikiandamana na chakula huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma, nayo damu inayahitaji. Lakini chai peke yake haikuleta haya. Mama amekula kidogo kwa muda mrefu, na amenyamaza kwa muda mrefu zaidi. Mlikuwa mnatibu uchovu wakati tatizo ni upungufu wa damu. Ulipoangalia vizuri, ukamleta. Sasa atakunywa vidonge hivi bila kuruka siku, na atarudi nimpime tena. Ale maharage, mboga za majani, nyama au dagaa wakipatikana, na tunda. Chai aiache mpaka saa moja au mbili baada ya kula."

Njiani mama alitembea polepole, mkono begani kwa Chiriku. "Nilikukasirikia," alisema. "Nilijua kuna jambo, nikaogopa kulijua vizuri. Ukiona mwili unakudai kitu, usiupe jibu la haraka ili unyamaze. Uulize unataka nini, na ukishindwa kuuelewa, nenda kwa anayeuelewa. Mimi hilo nimejifunza kwako."

Wiki zikapita, za vidonge na za kungoja. Chumba cha pasi kikapata benchi, na saa ya kula ikawa saa ya kukaa. Chupa ya bluu iliendelea kupelekwa, ila ilifunguliwa baadaye, na majani yalikuwa vijiko viwili. Wanawake walinung'unika kwamba petroli imetiwa maji, kisha wakazoea.

Jioni moja, miezi mitatu baadaye, mama alirudi nyumbani, akavua viatu, akajinyoosha kwenye mkeka. "Leo mashuka yalikuwa mengi," alisema. "Nimechoka."

Chiriku alimtazama kwa wasiwasi.

Asubuhi alisikia ndoo ikigonga bombani. Mama alipanda ngazi na ndoo imejaa, hakusimama hata mara moja, tena alikuwa akimgombeza kwa jina la kwenye cheti kwa kuchelewa kuamka. Chiriku alivuta daftari lake la Kiingereza, akafungua ule ukurasa wa safu mbili, na kwenye safu ya "tired" iliyokuwa tupu akaandika mstari wa kwanza.