Sidi Hakumkimbia Eddah

Sidi na Eddah waliuza nyanya pamoja sokoni Kongowea. Wote walikaa Mtopanga na waliimba kwaya ya kanisa moja.

Jumapili moja Eddah alianguka katikati ya wimbo. Mwili ulimtetemeka, povu likamtoka mdomoni. Wanakwaya walimkimbia. Mmoja alisema ana mapepo. Sidi peke yake alibaki amepiga magoti kando yake, ingawa hakujua la kufanya.

Baadaye kwaya ilimwambia Eddah akae nyumbani. Eddah akamwomba Sidi atafute mtu mwingine wa kuuza naye.

"Watakukimbia na wewe," alisema.

"Wacha wakimbie," Sidi akajibu. "Yesu aliwagusa wagonjwa mbele za watu. Mimi nimwonee nani haya?"

Walikwenda kwa jirani yao Mwanasaumu, mhudumu wa afya wa mtaa. Aliwaambia huenda ni kifafa, akawapeleka kliniki. Daktari akathibitisha. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na hauambukizi, hata kwa mate. Eddah alipewa dawa za kumeza kila siku. Akaonywa asiziache mwenyewe, hata akijiona mzima.

Mwanasaumu akamfundisha Sidi.

"Akianguka, ondoa vitu vya kumuumiza. Mwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimkandamize, wala usimtie kitu mdomoni. Akitulia, mlaze ubavu. Zikipita dakika tano hajatulia, mkimbizeni hospitali."

Wiki mbili baadaye Eddah alianguka sokoni. Watu wakajaa. Sidi aliwasogeza, akakunja leso yake chini ya kichwa cha Eddah, akatazama saa. Dakika ya pili Eddah alitulia. Sidi akamlaza ubavu, akakaa naye mpaka alipofumbua macho.

Nicanor, mwalimu wa kwaya, alikuwa amekuja kununua vitunguu. Aliona yote, akaona aibu. Alimwomba Eddah msamaha palepale na kumsihi arudi kwayani, kisha akamwomba Sidi aje awafundishe wanakwaya. Jumamosi walijifunza kanisani, na Nicanor mwenyewe ndiye aliyelala sakafuni kama mgonjwa.

Eddah hakukosa dawa hata siku moja. Mwaka mzima ukapita bila kuanguka. Siku ya Pasaka aliongoza wimbo, na kanisa zima likasimama kumwitikia, vigelegele vikapanda.

Walipotoka nje, mama mmoja aitwaye Velma alimvuta Eddah kando. Kwa sauti ya chini akamwambia kwamba naye huanguka, na amelificha jambo hilo miaka saba.

Jumanne asubuhi, baada ya sikukuu, Eddah na Sidi walikwenda naye kliniki.