Harusi Iliyopikwa kwa Miti ya Pamba

Mwaka ule pamba ilikubali. Ukipita nyumbani kwa Dominiko, nje kidogo ya Ushirombo, ulimkuta mkewe Anisia na binti yao Salvina barazani wanachambua pamba. Safi huku, fifi yenye madoa kule. Mikono inafanya kazi na midomo haipumziki.

"Mhola, mwalimu?" Anisia atanisalimu kwa Kisukuma.

"Mhola duhu, Mama Salvina."

Basi hapo nimeshanaswa. Nitapewa kigoda, nitapewa na fungu langu la pamba, na habari itakuwa ile ile: harusi. Salvina alichumbiwa na Otmar, fundi baiskeli, kijana mpole wa ng'ambo ya bonde. Ng'ombe wa mahari walikwisha kufika. Ndoa ingefungwa mwezi wa tisa, pamba ikishauzwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale kijijini, na Anisia alikuwa mwanafunzi wangu. Ubishi wake niliujua tangu herufi a.

"Mwalimu, mimi niliolewa juani," aliniambia siku moja. "Hapakuwa na kibanda. Wageni walikula jasho linawadondokea sahanini. Mpaka leo wifi yangu Zipora ananiita Mke wa Juani. Salvina wangu haolewi hivyo. Nataka kivuli. Nataka kila mtu akiingia aseme, loo!"

Hakucheka aliposema hayo. Niliona jina lile bado linamuuma, ingawa lilikuwa la miaka mingi.

Aliyelidaka neno hilo alikuwa Bartholomeo, mdogo wake Dominiko. Alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Kharumwa. Dhahabu alirudi nayo punje. Maneno alirudi nayo gunia zima.

"Shemeji, hilo tu?" alisema. "Ngitili ya kaka imejaa migunga. Tunakata nguzo, tunakata matawi ya kuezekea, na magogo yote ni kuni za pilau. Harusi itanukia mpaka Kahama!"

Ngitili, kwa asiyeijua, ni malisho ambayo mwenyewe huyafunga mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii. Nyasi zinakua, miti inakua. Kiangazi kikikaza na nyasi za nje zikiisha, ndipo hufunguliwa. Ngitili ile Dominiko aliachiwa na baba yake. Mzee yule, Mungu amrehemu, hakuruhusu hata fimbo ikatwe mle.

Dominiko alikuna kichwa. Akamtazama mkewe, akamtazama binti yake.

"Kwa ajili ya Salvina," akasema, "basi tukate."

Salvina aliweka pamba chini, akaingia ndani. Nilimfuata. Nilimkuta anafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mwalimu, mle nimechunga tangu mdogo," alisema. "Sitaki ngitili ya babu iishe kwa sababu yangu. Lakini nikikataa, mama ataona namnyima furaha yake. Nifanyeje?"

"Usikatae peke yako," nilimwambia. "Tumwite Euphrasia."

Euphrasia alikuwa Bibi Maendeleo wa kata yetu. Mwanamke mnene, mcheshi, anaendesha baiskeli kuliko tarishi. Kesho yake alifika, akaegemeza baiskeli ukutani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Baba Salvina."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimesikia kuna harusi. Nionyesheni ngitili inayokwenda kukatwa."

Tukaenda wote. Bartholomeo alitangulia na shoka begani. Euphrasia alisimama kwenye ukingo wa nyasi, akanyoosha mkono kuelekea ng'ombe waliokuwa nje ya ngitili.

"Wale ndio wa mahari?"

"Ndio hao," Dominiko alijibu kwa fahari.

"Wazuri kweli. Mwezi wa kumi watakula wapi?"

"Humu humu."

"Na humu pakishakuwa peupe?"

Dominiko aliwageukia ng'ombe wake.

"Basi watakula pilau," alisema Euphrasia.

Tulicheka sote. Dominiko naye alicheka, kisha akaacha.

"Aa, Bibi Maendeleo, sisi tunakata miti tu," Bartholomeo aliingilia. "Nyasi zinabaki."

"Kwetu kule karibu na Shinyanga tulisema hivyo hivyo," alijibu Euphrasia, na sasa hakuwa anacheka. "Tulikata tulime pamba. Tukakata tujenge mazizi. Tukakata tupikie harusi. Miti ilipokwisha, jua likachoma nyasi, mvua ikachukua udongo. Leo mama yangu anapikia mavi ya ng'ombe. Akipata kuni nzuri, anazificha uvunguni."

Anisia alishika kiuno. Alikuwa amekasirika, tena si kidogo.

"Sawa, umetuambia tusikate. Sasa nipikie nini? Nitawapa wakwe mchele mbichi?"

Euphrasia aligeuka akaonyesha shamba la pamba. Miti ya pamba ilikuwa imeanza kung'olewa na kulundikwa. Kila mkulima anajua sheria: ukimaliza kuvuna, ng'oa uchome, ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine.

"Ile mnaichoma bure," alisema. "Choma ile ile, lakini chini ya chungu."

Bartholomeo alicheka mpaka shoka likamtoka. "Miti ya pamba! Ule si moto, ule ni salamu! Unawaka, umezima!"

"Juu ya mafiga matatu, kweli unazima," alisema Euphrasia. "Upepo unakula moto nusu nzima. Lakini ukichimba mtaro, ukaujengea kingo kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu, sufuria zikakaa zimebana juu yake, moto hauna pa kukimbilia. Unapiga sufuria tu. Miti ivunjwe mifupi, ikauke vizuri juani. Mtu mmoja akae hapo aichochee kidogo kidogo. Maharage yalowekwe tangu jana yake. Sufuria ifunikwe. Na jambo moja msisahau: pamba hupigwa dawa. Msichome nyama juu ya moto huo. Pikeni sufuriani, na jiko liwe nje, mahali pa hewa."

"Na huo mtaro achimbe nani?" aliuliza Anisia.

Sote tulimtazama Bartholomeo.

"Mnanitazamia nini?"

"Si wewe mchimbaji?" alisema Dominiko.

Bwana yule alitaka kukataa, lakini sifa ilimshinda. Jioni ile ile alikuwa ndani ya mtaro mpaka magotini, anatupa udongo na kutufundisha namna machimboni wanavyoshika sururu. Akamaliza jiko zuri, limenyooka, lina midomo minne. Siku ya tatu, lilipokauka, tulilijaribu kwa sufuria kubwa ya maharage. Yaliiva, na lundo la miti ya pamba pembeni lilikuwa limepungua kidogo tu. Bartholomeo alionja, akasema, "Jiko langu hili!" Tulimwachia.

Lakini Anisia hakuwa ametulia.

"Kuni sawa. Na kivuli?"

"Hapo, mama, sina jibu," alikiri Euphrasia. "Kibanda kinataka nguzo na matawi. Sijui."

Uso wa Anisia ulianguka. Nilimhurumia kweli. Aliniomba nimsindikize dukani kwa Velji, labda tupate turubai. Nyakati zile nguo zenyewe zilikuwa za kutafuta, seuze turubai. Mke wa Velji, Madhuben, ndiye aliyekuwa kaunta siku hiyo.

"Turubai hakuna, Mama Salvina," alisema. "Nini imekupata? Sura yako leo siyo yako."

Anisia alimweleza yote, mpaka lile jina la Mke wa Juani. Madhuben alisikiliza, kisha akaingia chumba cha nyuma. Alirudi amekumbatia nguo ndefu, nyekundu na za manjano, pembeni zina uzi unaong'aa.

"Mimi iliolewa chini ya hizi," alisema. "Dada zangu pia. Kwetu nguo ndiyo dari ya harusi. Tukimaliza tunafua, tunakunja, zinangoja binti mwingine."

Anisia alizigusa kwa ncha za vidole. "Bei yake?"

"Haziuzwi hizi. Chukua, oza mtoto, fua, rudisha."

"Na nguzo nitatoa wapi, Mama?"

Madhuben alimshangaa. "Lakini nguzo unazo! Ile miti yenu si imesimama?"

Anisia aliniangalia, mimi nikamwangalia. Jamani, tulikuwa tumeizunguka migunga ile wiki nzima, mmoja anataka kuiangusha, mwingine anataka kuiokoa, wala hakuna aliyekumbuka kwamba tayari imesimama!

Siku mbili kabla ya harusi, Dominiko alifyeka nyasi za ukingo wa ngitili tu, akazifunga akazihifadhi kwa ajili ya ndama. Salvina na wenzake walifunga kamba kwenye mashina, si kwenye matawi, ili miiba isichane nguo. Chini ya kamba waliweka vipande vya gunia, magome yasikatike. Kisha wakazitandaza nguo za Madhuben kutoka mti hadi mti. Vikapu vya kusuka vya bibi yake Salvina vilining'inizwa katikati, na ndani yake yakawekwa mashuke ya mtama.

Nimeona harusi nyingi. Ile, nasema kweli, sijaiona mfano wake. Badala ya kuja mikono mitupu, kila mama aliyealikwa alijitwika mzigo wa miti ya pamba kutoka shambani kwake. Walikuja wamepanga mstari, wanaimba, vigelegele juu ya vigelegele. Mashamba yalisafishwa na chakula kikaiva kwa mkupuo mmoja. Bartholomeo alikaa na jiko lake tangu alfajiri, hakumruhusu mtu kuligusa.

Maharusi walipotoka kanisani, jua lilikuwa kali la mwezi wa tisa. Wakaingia chini ya migunga. Upepo ulizitikisa nguo, mwanga mwekundu na wa manjano ukawamwagikia mabegani. Salvina alipendeza mpaka Otmar akasahau kutembea.

Zipora aliingia nyuma yao na wakwe. Alisimama, akainua kichwa. Mimi nilikuwa namvizia, sitaficha.

"Loo!" alisema Zipora.

Anisia alisikia. Alijifunika uso kwa khanga akalia, na machozi yale yalikuwa ya raha tupu.

Mwaka uliofuata mvua ilichelewa. Nje hapakubaki jani. Wenye ng'ombe walihangaika wanaswaga kwenda mbali, na wengine walirudi na fimbo bila ng'ombe. Dominiko alifungua ngitili yake. Ng'ombe wa mahari walikula, wakalala chini ya migunga ile ile, na mmoja akazaa. Salvina alipokuja kumwonyesha mama yake mtoto mchanga, maziwa yalikuwapo.

Siku hiyo nilikuwa barazani, nimepewa fungu langu la pamba kama kawaida. Mara Zipora akatokea njiani, amejitanda khanga kichwani, jua limemchoma. Alisimama uani bila kukaribia.

"Wifi," alisema taratibu, "binti yangu amechumbiwa. Nimekuja kukuomba pale chini ya miti yako."

Anisia aliweka pamba chini. Nilingoja amkumbushe lile jina. Nilijua angeweza, na nilijua angeliweza vizuri.

Akasogea upande mmoja wa mkeka.

"Toka juani, wifi," alisema. "Njoo ukae hapa."