Sindano Iliyolala Juu ya Maji

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, kazi yangu ni kumtungia mama uzi. Mama ni fundi cherehani, lakini vifungo na pindo hushona kwa mkono, na siku hizi macho yake hayaoni tundu la sindano. Nikimpa sindano, huipitisha kwenye nywele zake mara moja, shwaa, ndipo aichome kwenye kitambaa. Nimelitazama jambo hilo tangu utotoni, hata nikawa silioni tena.

Jioni moja nilimlalamikia. Mwalimu wetu wa sayansi, mwanamke mpole asiyeinua sauti, alitaka kila mwanafunzi asimulie ajabu moja aliyoiona nyumbani kwa macho yake mwenyewe. Mimi sikuona ajabu yoyote kwetu ila rundo la suruali.

"Lete gilasi ya maji," mama akasema.

Alichomoa uzi kwenye sindano aliyokuwa akishonea. Akalaza kipande cha karatasi ya chooni juu ya maji, na sindano juu ya karatasi. Karatasi ikalowa taratibu, ikazama. Sindano ikabaki.

Niliinama mpaka pua ikakaribia kugusa gilasi. Chuma kitupu kimelala juu ya maji, na maji yamebonyea kidogo chini yake, kama godoro chini ya mtu! Niliogopa hata kupumua. Maji haya haya ninayoyachota, ninayoyanywa na kuyaoga kila siku, kumbe yana uso unaoweza kubeba chuma.

"Mama, umefanyaje?"

"Mimi nimeiweka tu, mwanangu. Bibi yako ndiye aliyenionyesha. Haya, nipe sindano yangu, watu wanasubiri suruali zao."

Kesho yake nilisimulia darasani kwa mbwembwe zote. Wenzangu wakaangua kicheko. Chuma kilale juu ya maji! Mwalimu hakucheka, ila aliniambia nije niwaonyeshe.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda harusini. Nilichukua sindano mpya, nikaisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa. Mbele ya darasa zima nikailaza juu ya karatasi. Karatasi ikazama, na sindano ikaifuata hadi chini. Nikarudia, ikazama. Mara ya tatu darasa zima lilihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu, chubwi!" Kuanzia siku hiyo nikaitwa Chubwi.

Jina la utani ningelivumilia. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimesema kweli, na hakuna aliyeniamini. Nyumbani nilijaribu tena na tena kwa sindano ile ile inayong'aa, nayo ikazama kila mara. Mwalimu alinipa nafasi ya mwisho, Ijumaa.

Rafiki ninayekaa naye dawati moja tunamwita Kifutio, kwa sababu hajawahi kuja na chake hata siku moja. Yeye ndiye aliyenishauri.

"Acha kujitesa, Chubwi. Chukua njiti ya ufagio, ipake rangi ya kucha, ile ya fedha. Nani atajua? Na wewe si uliiona ya kweli? Basi huo hata si uongo."

Maneno yake yaliniingia. Ijumaa niliiweka njiti yangu kwenye gilasi, ikaelea bila shida. Darasa likapiga makofi. Nikaitazama ile njiti. Nusu yake ilikuwa ndani ya maji, inayumbayumba kama takataka mtaroni. Maji hayakubonyea hata kidogo. Nikaona aibu kubwa. Nilikuwa nimeona ajabu ya kweli, na sasa naificha nyuma ya njiti.

"Mwalimu," nikasema, "hii si sindano. Ni njiti ya ufagio. Nimeipaka rangi ya kucha."

Darasa lililipuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kifutio akajifanya anatafuta kitu chini ya dawati.

Mwalimu aliinua mkono, kelele zikakatika. "Sasa tuambie ilivyokuwa ile jioni ya kwanza. Usiruke hata hatua moja. Nani aliiweka sindano?"

"Mama."

"Kabla ya hapo alikuwa anaifanyia nini?"

"Anashona. Mimi natunga uzi, nampa, halafu yeye anafanya hivi..." Mkono wangu ukapita kwenye nywele zangu, ukagandia hapo. "Mafuta! Mwalimu, ile ilikuwa na mafuta ya nywele! Yangu niliiosha kwa sabuni!"

Mwalimu alimwaga maji, akasuuza gilasi vizuri, akajaza mengine. Nilitoa mfukoni ile sindano yangu inayong'aa, niliyokuja nayo, nikaifuta, nikaipitisha kwenye nywele zangu mara tatu. Nikailaza juu ya karatasi. Karatasi ikalowa, ikazama.

Sindano ikalala juu ya maji.

Safari hii hakuna aliyehesabu. Kifutio ndiye aliyeinama wa kwanza. "Yamebonyea," akanong'ona. "Jamani, maji yamebonyea kweli!"

"Chembe za maji hushikana," mwalimu alieleza. "Za juu hushikana zikafanya kama ngozi nyembamba. Mafuta huzuia maji yasiilowanishe sindano, kwa hiyo ngozi hiyo huibeba. Sabuni huidhoofisha ngozi hiyo. Tazameni." Akadondosha tone moja tu la maji ya sabuni. Sindano ikazama papo hapo, na darasa zima likaguna kwa mshangao.

Kisha akaniwekea mkono begani. "Mwenzenu angetuficha ukweli wa ile njiti, tungempigia makofi na kurudi nyumbani bila kujua lolote. Amesema kweli hata pale ilipomwaibisha, ndiyo maana tumeweza kutafuta kosa na kulipata. Mkikosea, semeni mmekosea. Mtajifunza mengi zaidi hivyo."

Jioni ile nilimtungia mama uzi kama kawaida. Akapokea sindano, akaipitisha kwenye nywele zake, shwaa, na kwa mara ya kwanza nikaliona kweli jambo lile nililozoea kulitazama tu.