Nzi wa Nywele Nyekundu

Mama mkwe alikuwa anakuja kula chakula cha jioni, na mama mkwe nyama haigusi, samaki tu. Ndiyo maana Fundi Saa alifunga kibanda chake mapema, akachukua ufito wa kuvulia na buti zake ndefu za mpira, akashuka mtoni chini ya bwawa.

"Trauti wawili tu," alimwambia mkewe kupitia dirisha la saluni. "Giza halitanikuta huko."

Mkewe, ambaye mji mzima ulimwita Msusi, alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Nywele zake mwenyewe alikuwa amezipaka rangi, nyekundu kama kutu.

"Ukirudi mikono mitupu mama atanuna," alisema bila kuinua macho. "Na wa kukaa naye sebuleni ni wewe."

Mto ule haukuwa na hiari yake. Malango ya bwawa yakifungwa, maji hushuka hadi magotini na mawe hutoa migongo. Yakifunguliwa, mto hujaa kufumba na kufumbua. Kwanza hulia king'ora. Ukikisikia unatoka, hata kama samaki amekwisha kunasa. Jioni ile malango yalikuwa yamefungwa.

Fundi alivua kwa nzi wa bandia: ndoana ndogo iliyovikwa manyoya, aliyoifunga mwenyewe kwa vidole vilivyozoea saa. Nzi wa namna hiyo hazami. Huelea kama mdudu aliyeanguka, na trauti huibuka kumdaka.

Alirusha. Akavuta. Akarusha tena.

Hapakuibuka kitu. Hata vyura walikuwa kimya.

Halafu ikamjia harufu... harufu ya nywele zinazoungua.

Aligeuka. Chini kidogo ya mkondo, maji yakimfika mapajani, alisimama mtu aliyevaa koti refu. Naye alikuwa anavua. Mshipi wake ulipita hewani bila mvumo wowote, na maji yaliyomzunguka hayakufanya hata kiwimbi.

"Za jioni, ndugu," Fundi alisema. "Samaki wanakula huko?"

Mtu yule hakugeuka. "Namsubiri wangu," alinong'ona. Alikuwa mbali, lakini sauti ilitua sikioni mwa Fundi kama ya mtu wa kando yake.

"Wako nani?"

"Yuko njiani."

Fundi akaanza kukunja mshipi wake, huku akijiambia kuwa watu wa ajabu hawakuanza leo na samaki wanauzwa hata sokoni.

Mtu yule akarusha mara moja zaidi. Nzi wake alipita juu ya kichwa cha Fundi na kutua ukingoni, pale njia ya kutoka mjini inapoteremkia mtoni. Akaanza kumvuta taratibu kurudi. Nzi alielea karibu kabisa na buti za Fundi, na Fundi akamwona vizuri.

Hakuwa wa manyoya.

Alikuwa amefungwa kwa nywele. Nyekundu kama kutu.

Matete yakachakarisha. Msusi akatokea, miguu mitupu, kitana bado mkononi. Macho yalikuwa wazi, yakimtazama yule nzi na si kingine. Akaingia majini kama mtu anayeingia sebuleni kwake.

"Mke wangu. Rudi."

Hakusikia. Nzi akivutwa, naye anasogea. Maji yakamfika magotini. Yakamfika kiunoni.

Ndipo king'ora kikalia.

Fundi alitupa ufito wake, akaudaka mshipi wa yule mtu kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi kama chuma cha alfajiri, na ulivuta. Nzi akamrukia, ndoana ikazama kwenye kidole gumba. Fundi akauma mshipi. Akauma tena, akionja damu, mpaka ukakatika.

Msusi akapiga kelele kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini.

Fundi alimshika kwapani, akamburuta hadi kwenye mawe, kisha juu, kwenye majani. Nyuma yao mto ulikuwa umekwisha kuanza kunguruma. Alipotazama, maji yalikuwa yanampanda yule mtu kifuani, shingoni, usoni. Hakukimbia. Hakuyumba. Mwisho ikabaki ncha ya ufito juu ya maji, imesimama wima, kama inayosubiri.

Mlinzi wa bwawa alishuka mbio na tochi. "Nimewaona kutoka juu," alisema, akihema. "Wewe na mama. Ulikuwa unapigana na nini?"

"Hukumwona mtu?"

Mlinzi alimulika maji kwa tochi. "Mtu sikumwona," alinong'ona. "Mshipi niliuona."

Nyumbani walimkuta mama mkwe amesimama mlangoni. Alikuwa amepitia saluni na kumkuta mteja analia, amesukwa nusu kichwa. "Ameniambia mkeo kaacha kazi na kuondoka. Kasema mumewe anamwita."

"Uliniita," Msusi alisema, meno yakigongana. "Uliniita kwa jina langu la utotoni."

Jina hilo Fundi hakuwahi kulisikia.

Mama mkwe aliitoa ndoana kidoleni mwa Fundi kwa koleo, akaiweka chini ya taa, akaanza kumfungua yule nzi kwa sindano. Chini ya nywele nyekundu zilikuwamo nyeusi, za mtu mwingine. Chini ya nyeusi, mvi. Chini ya mvi, nywele laini kama za mtoto mchanga. Hapo akaacha. Akatupa vyote jikoni motoni. Nani aliyeokota nywele za Msusi, na kwenye sakafu ipi, hakuna aliyejua. Saluni huingia kila mtu.

Mama mkwe hakurudi kwake. Alisema atalala hapo mpaka bintiye apate nguvu. Msusi alipata nguvu, akarudi kazini, siku hizi akifagia na kuchoma kila unywele. Kidole cha Fundi kilipona. Ufito mwingine hakununua.

Jioni moja wakiwa wanakula, king'ora kikalia kule bwawani.

"Unakwenda wapi?" Msusi aliuliza.

"Siendi popote," Fundi akajibu. "Si nimekaa hapa?"

"Basi mbona umevaa buti?"

Akatazama chini. Hakuwa mezani. Alikuwa amesimama mlangoni, buti miguuni, buti zimelowa hadi mapajani, na kidole gumba kilichochomwa na ndoana kilimvuta kuelekea mtoni.

Mama mkwe aliinuka, akafunga mlango, akautia ufunguo kifuani. Hakuna aliyemuuliza utafunguliwa lini.