Pigo Tupu

Nyundo zilikuwa mbili, lakini asubuhi hiyo Radi alisikia tatu.

Ya baba yake ilikuwa ndogo, yenye sauti kali kama ya mtu aliyechoka kusubiri. Ya kwake ilikuwa ile kubwa ya kushikwa kwa mikono miwili, ambayo ndiyo iliyowafanya wateja wamwite Radi. Baba anagonga kuonyesha mahali, binti anashusha hapohapo. Mmoja akipanda mwingine anashuka, na chuma chekundu kinalainika juu ya fuawe, lile pande la chuma wanalofulia. Ndivyo walivyofua tangu mama yake alipofariki na vibarua wa kiume kuikimbia kazi. Hii ya tatu iliingia katikati. Iliwahi. Ilikuwa nyepesi, kabla ya zamu ya yeyote, na haikulia kwenye fuawe. Ililia ndani ya kifua chake.

Moyo ukanyamaza. Halafu ukarudi kwa kishindo kilichomwinamisha juu ya mpini.

"Vipi?" Mzee aliuliza bila kuinua macho.

"Moyo wangu umeruka pigo, Baba."

"Chuma kinapoa."

Kaka yake mkubwa alicheka. Kazi yake ilikuwa kuwasha na kuzima feni ya makaa, na kwa kuwa hajawahi kushika nyundo maishani, karakana nzima ilimwita Meneja. "Huo ni moyo unaotafuta mume, dada. Ukiolewa utatulia."

"Wako umetulia kwa sababu hauna kazi."

Mzee akagonga tena. Kila alipotaka kuvuta pumzi, au kukigeuza chuma akikague, aliipeleka nyundo yake pembeni na kugonga fuawe pasipo na chuma, mara moja, ting, ili mwendo usipotee. Radi hungoja, nyundo yake ikiwa hewani na pumzi ameibana. Waliliita pigo tupu. Mzee alilirithi kwa baba yake, na kadiri mapafu yake yalivyozeeka ndivyo mapigo matupu yalivyozidi. Siku hiyo Radi aligundua jambo: lile pigo la kifuani lilikuwa linamjia hapo tu, kwenye kungoja.

Alikwenda zahanati. Daktari alimwuliza umri, kisha akamwuliza ameachana na nani. Ni ajabu hii: mwanamume akishika kifua, watu wanatafuta gari, mwanamke akishika kifua, wanatafuta sababu. Aliyemsikiliza ni muuguzi. Alimlaza kitandani, akambandika nyaya kifuani, akaiwasha mashine, akaizima, akaleta nyingine.

"Moyo hauruki pigo, mdogo wangu," alisema. "Pigo moja linawahi. Linapiga kabla moyo haujajaa damu, ndiyo maana hulisikii. Halafu moyo unatulia kidogo, unajaa kupita kawaida, na pigo linalofuata linakuja na kishindo. Hicho ndicho unachokisikia. Wengi wanayo hayo, hasa wakichoka, wakikosa usingizi au wakinywa kahawa nyingi, na wengi wao hayawadhuru. Lakini ukizimia, ukikosa pumzi au ukapata maumivu ya kifua, usingoje."

Kisha akaitazama karatasi iliyokuwa ikitoka kwenye mashine, na sauti yake ikashuka. "Hapa, penye pengo, panatakiwa pawe na mstari mtupu." Palikuwa na vijino vidogo vidogo, vimesongamana, kama alama za mtu aliyeng'ata.

"Mashine imechoka?" Radi alinong'ona.

"Nimeshaibadilisha. Hii ni ya pili."

Wiki hiyo karakana ilianza kunuka. Kwanza kutu iliyolowa, halafu nywele zilizoungua, halafu damu ya moto. Meneja akasema ni panya ameingia kwenye feni. Radi akamsihi baba yake aache lile pigo, apumzike kabisa akichoka, wakiache chuma kirudi motoni. Mzee akasema hakuzaa mtoto ili aje kumfundisha kupumua.

Mchana mmoja walikuwa wanafua nondo ya geti. Mzee akapeleka nyundo pembeni, ting, na katika kungoja kwake Radi alihisi vidole vikiingia katikati ya mbavu, vikavu, vikiushika moyo kama mtu anavyoshika embe kulijaribu kama limeiva, na moyo haukupiga, na haukupiga, mpaka macho yakamwingia giza na nyundo kubwa ikamponyoka, ikaangukia ncha ya nondo, na nondo nyekundu ikaruka kutoka kwenye koleo, ikazunguka hewani na kujichoma katika paja la Meneja, ikatokea upande wa pili ikiwa bado inawaka. Nyama ilichemka wote wakisikia. Meneja hakupiga kelele. Alilitazama paja lake kwa mshangao, kisha akaanguka kifudifudi juu ya mifuko ya makaa.

Radi alipozinduka, baba yake alikuwa amepiga magoti kando yake. "Umelala kazini," alisema, lakini kiganja chake kilikuwa juu ya kifua cha binti, kikitafuta mapigo.

Aliyeitwa ni mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yao, mwanamke mfupi wa maneno makavu aliyewapunga majini wanawake wengi na kuwagombanisha wengi vilevile na waume zao. Hakufukiza chochote. Aliweka sikio kifuani kwa Radi, akakaa hapo muda, akainuka na shavu jekundu kama lililopigwa kofi.

"Shemeji," alimwambia Mzee, "unagonga mlango wa nani kila siku halafu huingii?"

"Nagonga fuawe yangu."

"Unagonga patupu. Kuna wanaokula patupu. Wewe unamkaribisha, lakini mlango unaomfungukia ni wa yule anayengoja na pumzi kaibana. Kila pigo tupu analipanua pengo. Siku moja moyo utanyamaza usirudi."

"Pigo hilo nilianza kulipiga meno yangu yote yakiwa kinywani."

"Na siku hizi unamngojesha mtoto huyu mara ngapi?"

Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Mama mdogo alieleza mambo yatakavyokwenda. Wafue kipande kimoja, baba na binti, tangu kikiwa chekundu hadi kigeuke cheusi, fuawe isigongwe tupu hata mara moja. Jini atakosa chakula, atatoka kukitafuta. Chuma kikishakuwa cheusi, yeye atakizamisha kwenye pipa la maji na jini atakifuata, maana hataweza kuachana na sauti ya chuma hicho.

"Na pumzi nitaitoa wapi?" Mzee aliuliza.

"Kokote, lakini si kwake."

Walianza jua likiwa kali mlangoni. Meneja, paja limefungwa, aliwasha feni akiwa ameketi. Mzee akagonga, Radi akashusha. Akagonga, akashusha. Harufu ya damu ikaja juu kama sufuria inayofurika. Kisha hewa juu ya fuawe ikajikunja, na humo kikasimama kiwiliwili kirefu cha rangi ya kutu, kisicho na uso, chenye mdomo kifuani mahali ambapo moyo ungekaa, mdomo uliofunguka na kujifumba kwa mwendo uleule wa nyundo.

"Dada," Meneja alisema taratibu, "usigeuke." Na kile kitu kikamfikia yeye kwanza, kikamwinua kwa shingo na kumpiga ukutani, mara ya kwanza meno yakamwagika, mara ya pili mkono wake ukavunjika kama ukuni, na kila alipopigwa mdomo ule wa kifuani uligeukia fuawe na kunusa, ukitafuta, ukalia kwa sauti ya mtoto mwenye njaa, na Radi hakuacha kushusha nyundo ingawa moyo wake ulikuwa unawahi na kuchelewa na kuwahi tena na machozi yalikuwa yanakaukia mashavuni kwa joto, kwa kuwa alijua akisimama tu, amekwisha.

Chuma kikawa cha rangi ya matofali, kikaanza kufifia. Mzee alikuwa anahema kwa filimbi. Bega lake likashuka. Na Radi, aliyeijua nyundo ile kuliko alivyoujua uso wa mwenye nayo, akaiona inaanza kujipinda kuelekea pembeni. Baba yake hakukusudia. Mkono ulikuwa unakwenda ulikozoea.

"Baba, hapana."

Hakusikia. Kile kitu kilisikia. Kilimwacha Meneja aanguke, kikaja, mdomo wazi kabisa.

Radi aliachia mpini, akautandaza mkono wake wa kushoto pale pembeni, juu ya fuawe tupu.

Nyundo ilishuka. Mifupa ilivunjika kwa sauti ndogo kuliko alivyotegemea, damu ikamrukia baba yake machoni, na mdomo wa kifuani ukajifumba juu ya pigo ambalo halikuwa tupu tena. Kile kitu kikajikunja. Mama mdogo alikwapua koleo, akakitupa chuma, sasa cheusi, kwenye pipa, na kiwiliwili kikavutwa nyuma yake kama moshi unaovutwa na mlango. Maji yalipanda hadi darini. Pipa likapasuka, yakamwagika sakafuni yakiwa mekundu, kisha yakatulia.

Zahanati, muuguzi alimfunga mkono usio na umbo tena, halafu akamsikiliza moyo kwa muda mrefu. "Unakwenda sawa," alisema. "Hakuna linalowahi." Meneja alikuwa chumba cha pili, kinywa kimeshonwa.

Radi akatoka kwenda kwenye benchi alikoketi baba yake. Mzee aliinamia sakafu, damu ya binti yake ingali kwenye nyusi. Kidole chake kilikuwa kinagonga goti. Kiligonga, kikatulia, kikagonga ubao wa benchi pembeni, mara moja, taratibu.

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni akikitazama kidole, pumzi kaibana. Akaupeleka mkono wake kifuani, kama mtu aliyesahau kitu.

Radi alikikamata kidole kile kwa mkono wake mzima.

"Nini?" Mzee aliuliza.

Radi alimwinulia bandeji mbele ya macho. Mzee aliitazama, kisha akamtazama muuguzi, ambaye alikuwa ameegemea fremu ya mlango na kuvuta pumzi kwa shida. Polepole, mmoja baada ya mwingine, mhunzi akaiingiza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.