Maandishi Yangu Yaweke Chini

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo nilipomshika Merina mkono, tukaelekea banda la video la Pastory, hapa hapa Rusimbi. Begani nilibeba kompyuta yangu. Ndani yake mlikuwa na video niliyoitengeneza mwenyewe: picha za wakimbizi waliopotezana na ndugu zao, na juu ya kila picha maneno ya kusomeka, fulani anamtafuta fulani. Kesho yake Pastory angeionesha bure kwenye runinga yake.

Ilikuwa 2015, watu wa Burundi walipojaa Kagunga mpakani, meli ikawa inawaleta mjini kwa zamu. Merina alishuka peke yake. Miaka sita hivi. Mguu wa kushoto hauna kidole kidogo. Mama yangu alimpokea akae kwetu hadi wazazi wapatikane.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo, nina hasira na mtaa mzima. Walidai wakimbizi wamekuja na majini yao. Watu wamekimbia risasi, ninyi mnawatafutia majini? Leteni ushahidi, niliwaambia. Hawakuwa nao.

Hata Merina nilimgombeza. Kila akitoka ziwani alirudi kinyumenyume, akifuta nyayo zake kwa kitawi. Mama alimsifu.

"Huyu kafunzwa kwao. Unyayo wako ukichotwa, umechotwa wewe."

"Mama, ule ni mchanga tu."

Mchana wa siku ile nilimnyang'anya kile kitawi, nikakitupa majini. Merina hakulia. Aliangalia tu nyayo zake zilizobaki nyuma, halafu akamfuata Mama nyumbani.

Nilibaki ufukweni kupiga picha za mwisho. Ndipo akaja yule mwanamke. Kitenge kinafagia chini. Alinuka jiko la kuni lililomwagiwa maji. Alisema anaitwa Leonia, anamtafuta mwanawe, Merina.

Machozi yalinilengalenga. Nikamwambia twende nyumbani sasa hivi.

"Nipige picha kwanza," alisema taratibu. "Mtoto anione. Akishaniona, kesho nitamchukua."

Nikampiga. Akanisogelea sikioni.

"Maandishi yangu yaweke chini, dada. Chini kabisa."

Nikayaweka chini.

Sasa, bandani, Pastory alikuwa anapanga mabenchi.

"Karibu, wakili wa majini," akanitania.

"Washa runinga, shahidi wa uongo."

Akacheka, akaunganisha waya. Picha zikaanza kupita. Merina alisimama karibu kabisa na kioo, akitafuta uso anaoujua. Mzee mwenye baiskeli. Mama mwenye mapacha. Kisha Leonia.

"Huyu hayasomeki," Pastory akasema. "Umeweka maneno meupe juu ya mchanga mweupe. Yapeleke kule juu, kwenye wingu jeusi."

Kweli kabisa. Kwenye kompyuta nikayashika maneno, nikayavuta juu. Mchanga ukabaki wazi.

Pastory akaacha kupanga mabenchi.

Kulikuwa na nyayo. Zilitoka majini, moja baada ya moja, hadi kwenye pindo la kitenge. Zikaishia pale, chini ya yule mwanamke. Zilikuwa zake...

Lakini zilikuwa ndogo.

Na unyayo wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

Pastory alitazama miguu ya Merina. Nami nikaitazama.

"Merina," nikanong'ona. "Huyu ni mama?"

"Oya." Akatikisa kichwa kukataa. "Simujui huyu." Kisha, polepole, "Dada... miguu yangu siisikii."

Nikaishika. Baridi. Baridi ya samaki aliyelala kwenye barafu.

Ndipo ile harufu ikaingia. Jiko lililomwagiwa maji. Ilipenya kwenye matundu ya mabati, nyuma yetu. Kitu kikagonga bati, chini, usawa wa goti.

Tk.

Tk.

"Umeyahamisha..." sauti ikanong'ona. "Nilikwambia chini."

"Yarudishe," Pastory akaninong'oneza, jasho likimtiririka. "Dada, nakuomba, yarudishe."

Nirudishe? Nikiyarudisha, kesho namkabidhi mtoto. Nikaifuta ile picha. Kwenye video. Kwenye kompyuta. Kwenye simu.

Bati halikugongwa tena.

Harufu ikaondoka. Merina akachezesha vidole vyake, akaniegemea.

Nyumbani nilimsimulia Mama yote. Hakunicheka. Alimpapasa Merina miguu, akakuta ina joto, akamshukuru Mungu. Ushahidi niliokuwa naudai mtaa mzima nilikuwa nao mkononi, nikaufuta, sikujuta. Halafu Mama akanitazama.

"Ulifuta nini, mwanangu?"

"Picha ya yule mwanamke."

"Yeye peke yake? Au pamoja na nyayo za mtoto?"

Nikaitazama miguu ya Merina.

Leonia hakuja kesho yake, wala siku nyingine. Video ilioneshwa. Mama wa Merina hakuwamo kati ya waliokuja kutazama, hajapatikana bado.

Asubuhi moja nilimpeleka Merina ziwani. Nilikata kitawi mwenyewe, nikampa. Alioga, akatoka, akanikimbilia mbio hadi nilipokuwa nimekaa. Kisha akageuka nyuma, kitawi mkononi.

Mchanga mbichi. Laini, kama haujakanyagwa. Kutoka majini hadi kwangu.

"Dada," akasema, "mbona sina cha kufuta?"