Laptop ya Laki Mbili na Nusu

Kati ya laptop tano zilizopangwa mezani dukani kwa Nilesh, mjini Bagamoyo, moja ilikuwa ya moto, na hakuna aliyeiwasha.

Mwalimu Evarista aliondoa mkono. Alikuwa na laki mbili na nusu tu, na Ijumaa alitakiwa atume kazi yake ya mwisho ya diploma. Asingetuma, mkataba wake wa kufundisha ungekufa.

"Hizi za laki nne ni nzuri," alisema Nilesh. "Hiyo ya bei yako inakaa na chaji kuliko zote. Lakini mwalimu, mimi sikushauri. Wateja wawili wameirudisha."

"Ina ubovu gani?"

"Wote walisema haina ubovu."

"Basi nifungie."

Kesho yake, Alhamisi mchana, alikuwa anaandika chumbani kwake pakanukia udi. Mara mlangoni, "Hodi."

"Karibu," akajibu bila kuinua macho, kama alivyolelewa.

Hodi ya pili, akakaribisha. Ya tatu, akasema, "Ingia tu, mlango uko wazi."

Hakuingia mtu, ila pazia lilisogea kama linalopisha bega, kiti cha pili kikatoa mlio kama kilichokaliwa, na feni ya laptop ikaanza kuvuma, ikavuma mpaka ikawa inapumua, pole pole kama mtu mzima aliyelala, na udi ukamkaa kooni, naye akajua, bila kugeuka, kwamba kuna anayesoma kila neno analoandika.

Alikimbilia kwa mama mwenye nyumba, Bi Mwanaharusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Aliposimuliwa, bibi akashusha sauti. "Umekaribisha mara tatu hukuuliza nani? Rudisha kitu chake leo, atakifuata. Kikilala tena kwako, yeye ndiye mwenyeji, wewe mgeni."

"Kazi yangu ni kesho, bibi. Sina pesa ya nyingine."

"Mie nimeshasema, mwanangu."

Laptop ikalala kwake tena, na Ijumaa asubuhi Evarista aliituma kazi. Ikapokelewa. Akatokwa na machozi ya furaha, akaifunga laptop airudishe.

"Hodi, mwalimu!" Alikuwa Clara, mwalimu mwenzake.

Safari hii Evarista alitaka kuuliza kwanza. Kabla hajafungua kinywa, sauti yake mwenyewe, ile ya upole anayowaitia watoto darasani, ikajibu kutoka kiti cha pili:

"Karibu, Clara."

Clara akaingia, akampita Evarista kama hayupo, akakiinamia kile kiti akitabasamu.

"Umeamkaje, mwalimu?"